Gitaa la Besi Lililong'olewa Freti

Katika bendi ya jazi, kama ilivyo katika bendi ya dansi au kundi la taarabu, besi ni sauti ambayo msikilizaji wa kawaida huibaini pale tu inapokosekana, kwa kuwa haibebi wimbo wala haisogei mbele ya jukwaa, na kazi yake ni kukaa chini na kuwaonyesha wenzake mahali pa kukanyaga. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa na ala ya mbao yenye kimo kinachompita mtu mzima, ile ambayo wapenzi wa taarabu ya Unguja wamezoea kuiona nyuma ya safu ya fidla, mpigaji wake akiwa amesimama na kuikumbatia huku akidonoa nyuzi zake nne kwa vidole. Ilipokuja ala mbadala ya umeme, wanajazi wengi waliipokea shingo upande, na ilichukua karibu miaka 25 kabla hawajakubali kwamba nayo inaweza kusema jambo ambalo ile ya mbao haiwezi. Aliyewashawishi kuliko mwingine yeyote alikuwa kijana wa Florida aitwaye Jaco Pastorius, na njia aliyoitumia ilikuwa ya kustaajabisha kidogo, maana alianza kwa kuling'oa gitaa lake kile hasa ambacho mtengenezaji alikuwa amekiweka ili kulifanya ala bora.

Neno jazi lenyewe linahitaji ufafanuzi kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako bendi za dansi zilijiita Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz au Tabora Jazz ilhali muziki wao ulikuwa na undugu wa karibu zaidi na rumba ya Kuba na ya Kongo. Jazi inayozungumziwa hapa ni ile iliyoanzishwa na Wamarekani Weusi mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo ndani yake wimbo huwa kama kiunzi cha nyumba, na kila mwanamuziki, zamu yake inapofika, hubuni papo hapo sauti za kukijaza bila kutoka nje ya mpangilio wa akodi, yaani mafungu ya noti zinazolia pamoja na kuupa wimbo mwelekeo. Katika mfumo huo mpiga besi ana mzigo wa aina mbili, kwa sababu analinda mapigo sambamba na mpiga ngoma na papo hapo anatamka noti ya msingi ya kila akodi, ili anayebuni juu yake asipotee.

Gitaa la besi la umeme liliingia sokoni mwaka 1951, lilipotengenezwa na Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton katika jimbo la California, aliyelipa jina la Precision Bass. Jina hilo, lenye maana ya besi ya usahihi, lilikuwa na sababu yake. Ala kubwa ya mbao, kama udi na fidla za taarabu, ina shingo laini isiyo na alama yoyote, na mpigaji hana budi kuitafuta kila noti kwa sikio na kwa mazoea ya mkono, kwani kidole kikisogea milimita chache tu noti hutoka imepinda. Fender aliitia shingo ya ala yake freti, yaani vipande vya waya mgumu vinavyopandikizwa vikikingama shingoni kama mataruma ya reli, ili uzi ukibanwa nyuma ya kimojawapo ulie noti ileile kila mara, hata kama kidole kimewekwa kwa uzembe. Kwa njia hiyo mpiga gitaa yeyote aliweza kugeuka mpiga besi kwa muda mfupi, na bendi ikaweza kuibeba ala yake kwenye kiti cha nyuma cha gari badala ya kuifunga kamba juu ya paa.

Monk Montgomery, aliyeizungusha ala hiyo katika bendi ya Lionel Hampton mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa miongoni mwa wanajazi wa kwanza kabisa kuitumia, lakini mfano wake haukufuatwa na wengi. Mwaka 1960 Fender alitoa toleo jingine lenye shingo nyembamba zaidi na vinasa sauti viwili, ambavyo ni sumaku zilizozungushiwa waya zinazougeuza mtetemo wa uzi kuwa mkondo wa umeme, akaliita Jazz Bass kwa matumaini ya kuwavuta wanajazi, nao hawakuvutika. Waliolikumbatia gitaa la besi walikuwa wanamuziki wa roki na wa soul, na miongoni mwao James Jamerson, mpiga besi wa studio ya Motown mjini Detroit, alithibitisha kwamba mstari wa besi unaweza kuwa na maisha yake wenyewe chini ya sauti ya mwimbaji. Hata mpiga tarumbeta Miles Davis alipoingiza besi ya umeme katika bendi yake mwishoni mwa miaka ya 1960, wahifadhina walilalamika kwamba ala hiyo hutoa sauti butu, kila noti ikianza na kwisha kama kigingi kilichogongwa ardhini. Lalamiko hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na chanzo kilikuwa freti zenyewe, kwa kuwa uzi uliobanwa juu ya chuma hauwezi kuteleza kwa ulaini kutoka noti moja hadi nyingine wala kutetemeshwa kwa uhuru kama anavyofanya mwimbaji anapoivuta silabi.

John Francis Anthony Pastorius wa Tatu, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Jaco, alizaliwa tarehe 1 Desemba 1951 mjini Norristown, Pennsylvania, mwaka uleule ambao ala ya Fender ilianza kuuzwa, na akiwa bado mtoto familia yake ilihamia pwani ya kusini ya Florida, karibu na Fort Lauderdale. Baba yake alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma wa kumbi za starehe, na mtoto naye alianza kwa ngoma, mpaka alipoumia kifundo cha mkono katika mpira wa Kimarekani akiwa na umri wa miaka 13. Mkono haukupona kiasi cha kuhimili seti ya ngoma kwa nguvu iliyotakiwa, na bendi yake ya ujanani, Las Olas Brass, ilipompata mpiga ngoma bora na wakati huohuo kumpoteza mpiga besi, yeye akahamia kwenye nafasi iliyobaki wazi. Kuhama huko kunaeleza mengi juu ya yaliyofuata, kwa sababu hadi mwisho Pastorius aliipiga besi kama mtu anayewaza ngoma: vidole viwili vya mkono wa kulia vilikata mapigo katika vipande vidogo vinavyolingana, na katikati ya noti zinazosikika alipachika noti bubu, yaani midonoo ambayo uzi wake umezuiwa kulia, isikike tu kama kofi dogo la ngozi.

Florida nayo ilimlea kwa namna yake. Ni jimbo linalotazamana na Kuba na Bahama, na Pastorius alisafiri pia kwenye meli za watalii zilizotembelea visiwa vya Karibi, akizipigia bendi zake. Hewa ya jimbo hilo ina unyevu mwingi unaoitesa mbao, na inasimuliwa kwamba besi kubwa ya mbao aliyoinunua kwa akiba yake ilipasuka kwa sababu ya hali hiyo, naye akaona hana uwezo wa kununua nyingine. Alichokuwa nacho baadaye ni Jazz Bass ya mwaka 1962 iliyokuwa imekwishatumika, na swali lake likawa jinsi ya kuipata sauti ya ile iliyopasuka ndani ya hii ya umeme.

Jibu lilikuwa kuziondoa freti. Masimulizi juu ya jinsi jambo hilo lilivyofanyika hayapatani, kwani yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba alizing'oa kwa kisu cha siagi, huku wengine wakidai kwamba gitaa lilimfikia likiwa limeshang'olewa, na mwandishi wa historia hana haja ya kuumiza kichwa sana juu ya kisu. Muhimu zaidi ni kilichofuata baada ya kung'oa. Shingo ilibaki na mitaro myembamba palipokuwa na freti, ikazibwa kwa mchanganyiko wa kuzibia mbao, kisha uso wote ukapakwa tabaka za epoksi, gundi ngumu inayong'aa ambayo mafundi wa maboti huitumia kuilinda mbao isiingie maji, na ambayo katika mji wa bandari kama Fort Lauderdale ilipatikana bila shida. Kazi hiyo haikuwa ya mapambo. Pastorius alitumia nyuzi za chuma zilizosokotwa kwa waya wa mviringo, zenye mikwaruzo kama tupa, kwa kuwa ndizo zinazotoa sauti angavu, na nyuzi za namna hiyo zingeitafuna mbao tupu kwa muda mfupi. Epoksi iliihifadhi mbao, na kwa ugumu wake ikaupa uzi mahali imara pa kukandamizwa, hivyo noti ikadumu muda mrefu zaidi kuliko kwenye mbao laini, ikiwa na ule mlio wa puani unaopanda kidogo baada ya uzi kudonolewa, ambao tangu hapo umekuwa kama saini yake.

Mitaro iliyozibwa iliacha mistari hafifu shingoni, na mistari hiyo ilikuwa ramani yake. Kwenye gitaa lenye freti kidole hukaa nyuma ya waya, lakini hapa kilipaswa kutua juu ya mstari wenyewe, penye mpaka halisi wa noti, na kosa lolote lingesikika mara moja. Mkono wa kulia aliuweka nyuma, karibu na daraja, yaani kile kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi upande wa chini, mahali ambapo uzi ni mgumu na sauti yake ni kavu yenye ncha, na alipenda kutumia kinasa sauti cha nyuma peke yake huku akikipunguza cha mbele. Kwa mpangilio huo besi haikumezwa na ngoma wala kinanda. Ilipata sauti ya katikati, karibu na ile ya saksafoni au ya mwanamume anayeimba chini ya pumzi, na hapo ndipo mchango wake mkubwa ulipo, ingawa mashabiki wamezoea kuutafuta kwenye kasi ya vidole.

Mafunzo yake hayakuwa ya chuo. Mwaka 1972 aliajiriwa katika bendi ya C.C. Riders iliyoongozwa na mwimbaji Wayne Cochran, kundi la soul lenye safu nzima ya ala za kupuliza lililozunguka majimbo ya Marekani kwa basi usiku baada ya usiku, na humo ndimo alimojifunza kusoma na kuandika muziki na kupanga sauti za tarumbeta na saksafoni. Aliporudi nyumbani alipiga na bendi kubwa ya Peter Graves mjini Fort Lauderdale, akafundisha kwa muda katika Chuo Kikuu cha Miami, na huko akafahamiana na mpiga gitaa kijana, Pat Metheny. Mwishoni mwa mwaka 1975 wawili hao, pamoja na mpiga ngoma Bob Moses, walirekodi nchini Ujerumani santuri ya Bright Size Life, ambamo besi na gitaa hubadilishana nafasi ya juu na ya chini kwa upole ambao wengi waliomsikia Pastorius baadaye kwenye majukwaa makubwa hawakuutarajia kwake.

Santuri yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe ilitolewa na kampuni ya Epic mwaka 1976, baada ya mpiga ngoma Bob Colomby wa kundi la Blood, Sweat & Tears kumsikia na kusimamia kurekodiwa kwake, na ni vigumu kutaja santuri nyingine ya mpiga besi iliyoanza kwa ujasiri wa namna ile. Kipande cha kwanza ni Donna Lee, wimbo wa enzi ya bibopu, mtindo wa miaka ya 1940 uliosifika kwa mbio zake na kwa akodi zinazobadilika kabla mtu hajavuta pumzi, uliorekodiwa kwanza na mpiga saksafoni Charlie Parker mwaka 1947 na ambao wachambuzi wengi huamini ulitungwa na Miles Davis. Ulikuwa wimbo wa saksafoni na tarumbeta, ala zinazotamka noti kwa pumzi, na hakuna aliyetarajia kuusikia wote ukipigwa na besi ya umeme ikisindikizwa na ngoma za konga za Don Alias pekee, bila kinanda wala gitaa la kuonyesha akodi. Msikilizaji anayeurudia leo atagundua kwamba hauendi kwa kasi ya kutisha, na kwamba akodi ambazo hakuna anayezipiga zinasikika bila shida, kwa sababu Pastorius anachagua noti ambazo kila moja inamdokezea sikio mahali alipofika.

Kipande cha Continuum, katika santuri hiyohiyo, kina mambo mengi zaidi ya kujifunza ingawa hutajwa mara chache. Besi yake ilirekodiwa mara mbili, tabaka juu ya tabaka, na kwa kuwa shingo isiyo na freti haiwezi kutoa noti iliyo sawasawa kabisa mara mbili, tofauti ndogo kati ya tabaka hizo huleta wimbi la polepole, kama waimbaji wawili wa ukoo mmoja wanaoimba sauti moja. Kasoro ambayo Fender alitaka kuifuta kwa freti ndiyo inayoupa wimbo uzuri wake.

Portrait of Tracy nao, uliobeba jina la mke wake, ni wimbo wa dakika zisizozidi 3 unaopigwa na besi moja tu, na karibu wote umejengwa kwa hamoniki. Hamoniki ni mlio mwembamba kama wa kengele unaopatikana pale kidole kinapougusa uzi kwa wepesi bila kuukandamiza, mahali hasa panapougawa uzi katika nusu, theluthi, robo au sehemu ndogo zaidi: kwenye nusu hulia noti ileile katika ngazi ya juu, na kadiri vipande vinavyozidi kuwa vidogo ndivyo sauti inavyozidi kupanda. Wapiga besi walizijua hamoniki kabla yake, na wengi walizitumia kurekebishia nyuzi. Pastorius alikaa chini akatafuta ni hamoniki zipi za nyuzi nne zinazoweza kulia pamoja zikaunda akodi, akaziunganisha na noti za kawaida kwa kuunyoosha mkono wa kushoto hadi mpaka wa maungo, na hatimaye ala ambayo uzi wake mnene hutetema kama mara 41 tu kwa sekunde ikatoa sauti inayokaribia ile ya kinanda. Santuri hiyo ina pia Okonkolé y Trompa, iliyopewa jina kwa okonkolo, ngoma ndogo kuliko zote katika familia ya batá ambayo Wayoruba waliopelekwa utumwani waliivusha bahari hadi Kuba, na humo besi inarudia mzunguko mmoja wa hamoniki kana kwamba nayo ni ngoma iliyo kazini.

Aliyempeleka mbele ya umati mkubwa ni Joe Zawinul, mpiga kinanda mzaliwa wa Vienna ambaye pamoja na mpiga saksafoni Wayne Shorter aliongoza kundi la Weather Report, mojawapo ya makundi makuu ya fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki na vifaa vya umeme. Walikutana Miami, ambako kijana huyo alijitambulisha kwa Zawinul kuwa mpiga besi bora kuliko wote duniani, na inaeleweka kwa nini Zawinul alimfukuza mwanzoni. Kijana hakukata tamaa, aliendelea kumwandikia na kumpelekea kanda, na inasimuliwa kwamba Zawinul, baada ya kuzisikiliza, alimuuliza kama anaweza pia kupiga besi ya umeme. Alikuwa amedhani anasikia ya mbao. Wanahistoria wa muziki hukirudia kisa hicho kama kichekesho, ingawa ndicho kipimo kizuri kuliko vyote cha kazi ya ile epoksi na lile sikio, kikiwa kimetoka kwa mtu ambaye sikio lake mwenyewe halikudanganyika kirahisi.

Pastorius alianza na vipande viwili katika santuri ya Black Market ya mwaka 1976, kimojawapo kikiwa Cannon Ball, ambacho Zawinul alikitunga kumkumbuka bosi wake wa zamani, mpiga saksafoni Cannonball Adderley, mtu wa Florida aliyefariki mwaka uliotangulia, na kwa hiyo alitaka besi yenye ladha ya jimbo hilo. Mwaka 1977 ikafuata Heavy Weather, santuri iliyouzwa kuliko zote za kundi hilo na kupita nakala 500,000, kiasi ambacho jazi isiyo na mwimbaji hukifikia kwa nadra sana. Wimbo wake wa kwanza, Birdland, una siri ndogo: ile sauti nyembamba inayotambulisha wimbo mwanzoni, ambayo wengi huidhania gitaa, ni besi ya Pastorius ikipigwa kwa hamoniki za kutengeneza, yaani mkono wa kushoto unakandamiza noti na dole gumba la kulia linaugusa uzi katikati ya sehemu iliyobaki huku kidole kingine kikidonoa. Katika Teen Town, utungo wake mwenyewe, anapiga besi na ngoma pia, na besi ndiyo inayobeba wimbo wote tangu mwanzo, mbele ya saksafoni na kinanda. Kihistoria hapo ndipo mipaka ya kazi ya mpiga besi ilipovunjwa hadharani, ingawa ni halali kusema kwamba Teen Town pia imewaponza wengi, kwa kuwa vijana waliuchukua kama mtihani wa wepesi wa vidole, wakasahau kwamba mtunzi alijaza ndani yake vituo na ukimya.

Anayetaka kumsikia Pastorius akiwa katika ubora wake, kwa maoni ya makala haya, hana budi kuziacha santuri za fyusheni na kwenda kwa mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell. Mitchell alitumia namna zake mwenyewe za kuzifunga nyuzi za gitaa, akapata akodi zenye shaka ndani yake, zisizosema wazi zinaelekea wapi, na alikuwa amechoshwa na wapiga besi walioning'inia kwenye noti ya msingi na kuifunga kila shaka kwa misumari. Katika santuri ya mwaka 1976 iitwayo Hejira, neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni hijra, Pastorius alishiriki katika nyimbo 4 kati ya 9, na katika ule uliobeba jina la santuri alirekodi tabaka kadhaa za besi zinazokutana mahali pachache tu palipochaguliwa kwa uangalifu. Wimbo unahusu safari, na besi yake husafiri pia: inanyamaza mstari mzima, inajitokeza juu ya sauti ya mwimbaji kwa noti moja inayoteleza kuelekea nyingine, inashuka, inamjibu kama mtu aliyeketi kiti cha pembeni ndani ya gari. Besi haimsindikizi tena mwimbaji, inazungumza naye, na mazungumzo ya aina hiyo yasingewezekana kwenye shingo yenye freti. Waliendelea pamoja hadi santuri ya Mingus ya mwaka 1979, iliyotengenezwa kwa heshima ya mpiga besi na mtunzi mkuu Charles Mingus, aliyefariki Januari mwaka huohuo.

Miaka iliyosalia inasimuliwa mara nyingi kuliko inavyostahili, na mara nyingi kwa uchu. Pastorius alipokea heshima, santuri ya 8:30 ya Weather Report ikashinda tuzo ya Grammy, na mwaka 1981 akatoa Word of Mouth, kazi kubwa ya bendi yenye ala nyingi za kupuliza, ambamo mpangaji na mtunzi anamzidi mpiga besi. Mwaka uliofuata aliachana na Weather Report, na wakati huohuo madaktari walibaini kwamba anaugua maradhi ya akili yanayomrusha mtu kutoka msisimko uliopindukia hadi huzuni nzito, yaliyokuwa yakichochewa na pombe na dawa za kulevya. Kuna waliochukulia vituko vyake vya jukwaani kuwa sehemu ya kipaji, na wakavishangilia, jambo ambalo ni vigumu kulisoma leo bila uchungu. Katikati ya miaka ya 1980 alikuwa akilala katika bustani za New York. Mwaka 1985, katika kipindi kifupi cha utulivu, alirekodi somo la video la kupiga besi, akihojiwa na Jerry Jemmott, mpiga besi wa muziki wa soul ambaye yeye mwenyewe alimhesabu miongoni mwa walimu wake wa mbali, na humo anaonekana mtu mnyenyekevu kuliko sifa alizojipa. Septemba 1987, karibu na mji uliomlea, alipigwa vibaya na mlinzi wa mlango wa klabu moja ya usiku baada ya kuzuiwa kuingia, akapoteza fahamu, na akafariki tarehe 21 ya mwezi huo akiwa na umri wa miaka 35. Mwaka 1988 wasomaji wa jarida la DownBeat walimwingiza katika orodha yake ya watukufu wa jazi, mpiga besi ya umeme wa kwanza kupata nafasi hiyo.

Haki inadai isemwe kwamba hakuwa wa kwanza kupiga besi ya umeme isiyo na freti. Bill Wyman wa Rolling Stones alijitengenezea moja mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Ampeg iliuza ya kwake mwaka 1966, na hata ndani ya Weather Report, Alphonso Johnson aliyemtangulia alikuwa akitumia gitaa la aina hiyo. Tofauti ni kwamba kabla ya mwaka 1976 shingo laini ilikuwa chaguo la pembeni, na baada yake ikawa lugha yenye wasemaji. Ilifika hadi kwenye nyimbo za redio, kama pale mpiga besi Pino Palladino alipomsindikiza mwimbaji Paul Young katika wimbo ulioongoza chati za Uingereza mwaka 1983. Miles Davis naye, katika santuri ya Amandla ya mwaka 1989, alipiga utungo wa Marcus Miller uitwao Mr. Pastorius.

Afrika haikubaki nje ya habari hizo. Richard Bona, aliyezaliwa nchini Kameruni na kukua akitengeneza ala zake mwenyewe kijijini, alikuwa kijana mpiga gitaa mjini Douala wakati mwenye klabu mmoja alipompa rundo la santuri za jazi azisikilize ili aweze kuunda bendi, na miongoni mwake ilikuwamo ile ya kwanza ya Pastorius. Bona amesimulia mara nyingi kwamba aliposikia Donna Lee alidhani mashine inazunguka kwa kasi isiyo yake, akaikagua, kisha akahamia besi na hakurudi nyuma. Baadaye alipiga katika bendi ya Zawinul mwenyewe, lakini alichokichukua kwa Pastorius ni kile ambacho waigaji wengi hawakukiona, kwani Bona huimba kwa Kiduala noti zilezile anazozipiga, na besi yake hufuata mapumziko ya usemi.

Gitaa lenyewe la mwaka 1962, ambalo Pastorius alilibandika jina la Bass of Doom, yaani Besi ya Balaa, halikuwa na maisha mepesi zaidi kuliko ya mwenyewe. Lilivunjika vipande vipande katika miaka yake ya misukosuko, mafundi wa Florida wakaliunga upya na kulivika ngozi mpya ya mbao mbele na nyuma, na muda mfupi baada ya kumrudia likaibwa mjini New York mwaka 1986, wakati hakuwa na nyumba ya kuliweka. Lilionekana tena mjini humohumo baada ya takriban miaka 20, likazua mvutano juu ya nani ni mwenye nalo, hadi Robert Trujillo, mpiga besi wa kundi la roki la Metallica, alipotoa fedha za kulinunua ili lirejee mikononi mwa familia. Kampuni ya Fender, ambayo iliitia besi yake freti mwaka 1951 ili kuhakikisha usahihi, imekuwa tangu mwaka 1999 ikitengeneza gitaa lenye jina la Pastorius: shingo yake haina freti, imepakwa epoksi kiwandani, na mafundi wameichora mistari myembamba mahali ambapo freti zingekuwa.